Mkono wa Kahaso

Kundi letu la madaktari kwenye WhatsApp lina kila aina ya watu. Dua za Ijumaa, matangazo ya viwanja, mabishano yasiyo na kichwa wala miguu. Mie huyapitia yote nikiwa nimechoka hoi. Nitafanyaje? Hospitali yetu haina bingwa wa kuulizwa, na mengi niyajuayo leo nimeyaokota humo.

Alasiri moja Mbodze alimleta bintiye Kahaso, wa miaka sita, kutoka kule bara wanakofuga mbuzi. Mkono ulikuwa umevimba hadi begani, na juu ya kiganja pana kidonda cheusi. Nilikibonyeza, mtoto hata hakushtuka. Sikuwahi kuona kidonda kisichouma namna ile, na kusema kweli niliogopa.

"Mama Kahaso, niruhusu nimpige picha niwaulize wenzangu."

"Piga, daktari. Bora apone."

Kahaso akajiweka sawa, akatabasamu. Mie nikaielekeza simu mkononi tu, maana kundini uso wa mgonjwa hauonyeshwi.

Mmoja akasema jipu. Mwengine akasema nyoka. Wa tatu akatuma viganja vya dua, nikamlaani kimoyomoyo. Baada ya Magharibi ndipo Daktari Sefu, wa hospitali nyengine, akaandika: "Muulize mama kama wamechuna mnyama aliyejifia."

Nilimuuliza. Mbodze akainama.

"Mbuzi alikufa, tukamla. Kahaso alinisaidia kuchuna. Tungemtupa, daktari, na njaa ile?"

Kumbe kimeta, ugonjwa wa mifugo unaomwingia mtu anayegusa mzoga. Nilimwanzishia dawa papo hapo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia damuni. Kesho yake alfajiri akatutoka.

Kundini walikuwa wakiuliza mtoto aendeleaje, nikawaambia. Wakatoa pole, kisha wakashukuru: "Ahsante daktari kwa funzo hili." Hawakukosea, hata mie nimejifunza. Ila nilitamani kuitupa ile simu chooni.

Mbodze alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akingoja gari la kumpeleka mtoto nyumbani. Nikakaa karibu naye.

"Daktari, ile picha bado unayo?"

"Ninayo."

"Nipe. Sina picha yake hata moja."

Nikamfungulia.

"Ni mkono tu, mama. Uso sikuupiga. Nisamehe."

Aliishika simu kwa mikono miwili, akautazama ule mkono uliovimba.

"Ni wake," akasema. "Nitolee kwenye karatasi."