Fomu ya Kumi na Tano

Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa kumi jioni, kocha alipigilia vitalu vya kuanzia mbio kwenye mstari, akavijaribu kwa kisigino, akampungia Cheche mkono aje. Cheche alivua sweta la shule, akalikunja, akaliweka juu ya nyasi mahali palepale alipoliweka kwa miaka kumi na minne. Nyasi za hapo zilishakata tamaa zamani.

"Usinyanyue kichwa mapema," kocha alisema. "Hatua tatu za kwanza, tazama chini."

"Najua."

"Najua kwamba unajua."

Filimbi ikalia, mita mia zikaisha. Saa ya kocha ilionyesha sekunde kumi na mbili nukta nne. Ilionyesha hivyo mwaka jana, mwaka juzi, na mwaka ule wa kwanza.

Mwaka ule Cheche alikuwa msichana wa miaka kumi na minane na miezi miwili, na mashindano ya shule yalikuwa ya walio chini ya kumi na minane. Kocha, kijana wakati huo na mwenye uchu wa kombe, aliandika kwenye fomu kwamba ana kumi na saba. Mwalimu mkuu akagonga muhuri. Wino ulipokauka Cheche akawa na miaka kumi na saba, basi, na kila mwaka fomu ikajazwa vilevile. Kigaga alichokuwa nacho gotini siku ile, baada ya kuanguka mazoezini, kilikuwepo mpaka leo.

Shuleni hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu wa baiolojia aliwahi kukaa naye dawati moja, siku hizi alimwambia, "Cheche, waachie na wenzako wajibu." Kitabu cha somo Cheche alikijua mpaka makosa ya uchapaji. Kila mwaka alipata rafiki, wakaapa kutoachana, na kila mwaka rafiki akamaliza shule akaondoka na sanduku lake. Baada ya rafiki wa nane aliacha kutafuta mwingine. Alikuwa mpweke, na upweke huo ulimuuma hasa siku za Jumapili, bweni linapojaa wageni wa watu.

Namna ya kutoka ilijulikana pia. Mrukaji viunzi mmoja alibaki na miaka kumi na sita kwa miaka mitano, mpaka akavunjika kifundo cha mguu na fomu yake haikujazwa. Ijumaa alilala kijana. Jumatatu aliamka na ndevu, suruali imeishia katikati ya miundi. Alishukuru, akaenda kutafuta kazi.

"Kocha," Cheche alisema, bado anahema, "mwaka huu niandikie umri wangu. Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Thelathini na mbili."

"Hesabu naijua, Cheche."

Jumatano mdogo wake alikuja uwanjani na bahasha yenye cheti cha kuzaliwa, akimshika mkono mtoto wake wa miaka mitatu. Mdogo huyu Cheche alimwacha nyumbani akiwa na miaka kumi. Cheche ndiye aliyekuwa akimsuka nywele na kumfuta makamasi. Sasa alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na minne, na mabega yalishaanza kuinama kwa kazi. Cheche alimkimbilia, akasimama mbele yake, na ulimi ukateleza.

"Shikamoo."

"Marahaba," mdogo wake akajibu kabla hajajizuia.

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Msalimie mama mkubwa," mdogo mtu alimwambia mtoto haraka.

Mtoto alimtazama Cheche, akachungulia nyuma ya Cheche, akatazama uwanja mzima.

"Mkubwa yuko wapi?"

Mama yake alijifanya kutafuta kitu mkobani. Kisha alisema, "Dada, mama macho yanamwishia. Siku hizi akikutaja anasema kitinda mimba wangu, na wewe ndiye kifungua mimba. Anataka akuone ukiwa mtu mzima, angalau mara moja."

Kocha alipokea bahasha kwa mikono miwili. Alikusudia kwa moyo wote kufanya lililo sawa, hilo lisemwe.

Alhamisi mwalimu mkuu alisafiri. Miaka yote yeye ndiye aliyesema, "Mwaka huu tu, kocha, mwakani tutamwachia." Safari hii aliacha muhuri mezani na maneno mafupi kwenye karatasi: jaza, ugonge mwenyewe. Hakuna aliyemsimamia kocha kichwani. Ofisini alikuwa yeye, kalamu, na kabati la makombe lililohitaji kufutwa vumbi.

Alifikiria jinsi Cheche angekimbia akiwa na miguu ya mtu mzima. Alitamani sana kujua. Kisha akawafikiria wengine wote aliowafundisha, waliokua, ambao walimpita barabarani na watoto mgongoni, wakamsalimia kwa haraka huku wakilitafuta jina lake. Mkewe alishaondoka, alichoshwa na habari za mbio. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemngoja kila siku saa kumi jioni.

Aliandika moja. Ukishaandika moja, huwezi tena kufika thelathini na mbili. Akaandika saba, akagonga muhuri, akafungua droo na kukiweka cheti juu ya nakala nyingine tatu zilizoletwa miaka ya nyuma.

Saa kumi Cheche alikuwa kwenye mstari. Asubuhi kigaga kilikuwa kimeanza kuachia pembeni, na alikuwa amemwonyesha mpishi, mlinzi na mwalimu wa baiolojia. Sasa alikigusa kwa kidole. Kilikuwa kimeshika tena.

"Umejaza," alisema.

"Nimejaza."

"Mwakani?"

"Mwakani."

Cheche alivua sweta, akalikunja, akaliweka mahali pake. Akaweka miguu kwenye vitalu.

"Hatua tatu za kwanza, tazama chini," kocha alisema.

Cheche aliinama. Alitazama chini.

Kumi na mbili nukta nne. Kocha aliiandika daftarini chini ya zile nyingine. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa bado juu na nyumbani hakukuwa na mtu, alimwomba arudie.