Sentensi Iliyorukwa

Mpiga gitaa aliingia duka la ala za muziki saa tano asubuhi, akakitua kisanduku cha mwangwi, kile cha kurekodia na kurudia muziki, juu ya kaunta na kijitabu cha maelekezo juu yake. Nyuma ya kaunta alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekitafsiri kijitabu hicho kwa Kiswahili. Hawa wawili walikuwa hawaivi chungu kimoja tangu zamani.

"Wifi, nisomee hapa."

"Hata salamu?"

"Soma."

Wifi alivaa miwani taratibu, makusudi. "Ili kuhifadhi kipande kipya, shikilia kitufe chekundu mpaka taa itulie."

"Itulie vipi?"

"Iache kupepesa. Ibaki inawaka. Kiswahili gani hicho kimekushinda?"

"Mimi kwangu taa ikitulia imezima. Nikashikilia mpaka ikazima. Sasa hakuna kitu humu ndani. Kitupu."

"Basi umefuta. Kosa la vidole vyako."

Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu kinanda pembeni aliacha kucheza. Mpiga gitaa hakujali. Jana nzima alikuwa ameukunja mgongo juu ya kijitabu kile, akisoma sentensi moja mara ishirini, akijiona mjinga nyumbani kwake mwenyewe.

"Wapi kumeandikwa kwamba ukizidi kushikilia kinafuta? Nionyeshe mstari."

Wifi alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma. "Kulikuwa na sentensi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuielewa. Nikairuka."

"Ukairuka."

"Kurasa sitini, peke yangu, wiki moja. Kwani ulikuwa na nini humo cha kuniletea shari kazini?"

"Besi ya kaka yako. Ile aliyorekodi kabla hajalazwa. Nilikuwa naipigia gitaa juu yake."

Wifi alivua miwani. Mpiga gitaa alitegemea machozi, na alikuwa tayari kuyadharau. Hayakuja.

"Nilikuomba nakala," wifi alisema. "Tulipomaliza msiba, nikakuomba kwa adabu. Ukaniambia ni mambo ya mke na mume. Ungenipa, leo ingekuwepo."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Mwenye duka akatoka stoo, mikono imejaa nyaya. "Kuna nini?"

"Mteja kabonyeza vibaya," wifi akasema haraka.

Hapo huruma kidogo iliyokuwa imeanza kumjia mpiga gitaa ikakauka. "Mwambie bosi wako sentensi uliyoiruka."

Mwenye duka alivuta maneno kwa wifi moja moja kama anayeng'oa misumari, kisha akaamuru vijitabu vyote vishushwe rafuni na wifi aviandike upya, baada ya saa za kazi.

"Umefurahi?" wifi aliuliza, akipanga vijitabu katika boksi bila kuinua uso.

"Hapana."

"Afadhali."

Alasiri ile, mpiga gitaa aliazima gitaa la besi kwa mwenzake wa bendi, akakaa chumbani kuitafuta ile besi ya mumewe kwa kumbukumbu. Nusu ya kwanza ilikuja yenyewe. Ya pili, pale inaposhuka na kuzunguka, ilimpotea. Alijaribu mpaka ncha za vidole zikavimba.

Mtu mmoja tu duniani angeweza kumwimbia sehemu hiyo. Marehemu aliitunga nyumbani kwao akiwa kijana, na dada yake alikuwa akiiimba mdomo umefumba kila anapofagia. Mpiga gitaa alichukua simu, akalitazama jina la wifi kwa muda.

Akairudisha simu mezani, kioo kikitazama chini, akaanza tena ile nusu anayoijua.