Machela Mbili za Ziwa la Tatu

Simu ililia Jumapili baada ya misa, Esperance akiwa jikoni kwake Louisville, anamenya ndizi. Alikuwa Chimène, binti wa marehemu dada yake. Esperance alimlea tangu ana miaka sita, na sasa binti huyo alikuwa Columbus, anasomea shahada ya juu kuhusu maziwa yaliyoharibiwa na mvua ya asidi. Alikuwa analia. Mwenzake wa utafiti alikuwa amevunjika mguu, na profesa alikuwa amesema wazi kwamba hakuna mtu atakayekwenda peke yake. Kule hakuna barabara. Unakwenda kwa mtumbwi siku mbili, na njiani unaubeba mtumbwi wenyewe kichwani, kutoka ziwa hadi ziwa. Asipochota maji Septemba hii, kazi ya mwaka mzima imepotea bure.

“Anatafutwa mtu wa namna gani?” Esperance akauliza.

“Mwenye kujua kupiga kasia, mama mudogo. Wenzangu wote wana masomo.”

“Bon. Mimi njo nitaenda.”

Chimène akacheka machozi yakiwa bado yanamtoka. Esperance hakucheka. Alizaliwa Idjwi, kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, na kabla hajaolewa alikuwa akivusha mananasi kwa mtumbwi kila wiki hadi soko la ng'ambo, kuwe na mawimbi kusiwe na mawimbi. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na saba kati ya hiyo aliimaliza kwa kusimama katika ghala la Jeffersontown akipanga bidhaa makashani. Likizo yake ya mwaka huo wa 2015 alikuwa hajaigusa.

Mumewe, Jean-Baptiste, alipoelezwa aliweka kikombe chini. “Esperance, mimi na wewe tulilala porini miezi mitano tukikimbia risasi. Mungu akatutoa. Leo unarudi porini kwa hiari yako?”

“Wakati ule nilifukuzwa,” akamjibu. “Safari hii ninakwenda.”

Kikwazo kilikuwa mgongo. Ghala lilikuwa limeumaliza. Akilala chini usiku mmoja tu, asubuhi hainuki bila kushikwa mkono. Chimène akamtumia machela kwa posta, kitambaa chepesi cha kufunga kati ya miti miwili na kulala juu yake. Jean-Baptiste aliigeuza-geuza. “Machela ni ya kumpeleka mgonjwa hospitali,” akasema, akaondoka zake.

Esperance aliifunga kwenye miti miwili nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza ilimmwaga majanini kama gunia la mihogo. Mara ya pili alilala katikati, amenyooka kufuata urefu wake, akaamka amejikunja kama ndizi. Siku ya tatu akaigundua siri yake: ulale mshazari, kichwa kona hii, miguu kona ile, na kitambaa kitanyooka chenyewe. Mgongo ulitulia kama haukuwahi kuuma. Lakini alfajiri makalio yalikuwa yamekufa ganzi kwa baridi, ingawa alikuwa ndani ya mfuko mnene wa kulalia. Akafikiri juu ya jambo hilo siku nzima kazini. Kilichobanwa na uzito wa mwili hakitunzi joto, na hewa inapita chini bila kizuizi. Jioni alichukua duveti kuukuu, blanketi nene lenye pamba ndani, akalikata, akashonea kamba pembeni, akalining'iniza nje, chini ya machela, mwili usiligandamize. Akalala kama mtoto mchanga. Kesho yake akashona la pili, la Chimène.

Akapanda basi hadi Columbus. Chumba cha Chimène, karibu na chuo, kilikuwa kimejaa vitu hadi mlangoni.

“Toa vyote mifukoni,” Esperance akasema.

“Mama mudogo, niko na orodha ya idara!”

“Orodha haibebi mutumbwi. Donc, nani anabeba?”

Wakapanga mafungu matatu sakafuni: vya kulalia, vya kula, vya kazi. Kila fungu likapata mfuko wake usiopitisha maji. Turubai likaingia mwisho, juu kabisa, kwa sababu mvua ikiwakuta, paa hufungwa kabla ya kitanda. Kigoda cha kukunja kikabaki. Sufuria ya pili ikabaki. Vitabu vitatu vikabaki, na hapo Chimène akanuna.

“Mimi si mtoto.”

“Ninajua. Ndiyo maana ninakugombeza kama mtu mzima.”

Waliendesha gari hadi Lackawanna, kusini mwa Buffalo, kwa binamu yao Bagula, mfanyakazi wa kiwandani na mpenda uvuvi, ambaye ndiye aliyekuwa na mtumbwi. Bagula alidhani wataufunga juu ya gari na kuondoka. Esperance akataka kwanza waupeleke Ziwa Erie, mahali maji yanapofika kiunoni, waupakie mizigo yote, kisha waupindue.

“Watu wanamuomba Mungu usipinduke,” Bagula akalalamika, “wewe unaupindua mwenyewe?”

“Hapa kwako kuna mashine ya kukaushia nguo. Kule hakuna.”

Waliupindua. Mizigo ilikuwa imefungwa kwenye mbao za mtumbwi, haikwenda popote. Lakini mfuko wa kulalia wa Chimène ulitoka unatiririka maji. Alikuwa ameukunja mdomo mara moja tu. Chimène alisimama majini akiukamua.

“Ningeganda,” akasema hatimaye.

“Ungeganda. Toa hewa, kunja mara tatu, ndipo ufunge.”

Keshokutwa yake walikuwa katika maziwa ya milima ya Adirondack. Ziwa la kwanza lilikuwa tulivu. Esperance alikaa nyuma, mikono ikakumbuka yenyewe, na mara mbili Chimène aligeuka kumtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Siku ya pili mvua ikaanza. Walipokuwa wakivusha mizigo kutoka ziwa la pili kuelekea la tatu, lile la kuchota maji, Esperance alikanyaga mzizi wenye utelezi, akaanguka na mfuko mgongoni. Hakuvunjika kitu. Lakini mgongo ulikaza, akashindwa kusimama.

Chimène alishusha mzigo wake. Alifunga turubai kwanza, kisha machela, kisha duveti chini yake. Akafunga kipande cha uzi kwenye kila mkanda wa machela, ili maji yanayoshuka kutoka mtini yadondokee hapo badala ya kuingia kitandani. Hakuulizwa, hakukumbushwa. Akamwinua mama yake mdogo kwapani, akamlaza mshazari.

“Tunarudi,” akasema. “Maji si kitu. Mgongo wako njo kitu.”

Esperance alijaribu kugeuka. Alitamani kusema ndiyo. Maumivu yalimfika hadi kisigino. “Kesho asubuhi nikishindwa kusimama, tunarudi, sitabishana,” akasema. “Nikisimama, hatubebi nyumba. Tunaiacha yote hapa, tunakwenda na chupa, chombo cha kuchotea na makasia tu, tunarudi kulala.”

Mvua ilinyesha mchana kutwa, nao wakakaa wakavu chini ya paa lao. Asubuhi Esperance aligeuka pembeni ya machela, akashusha miguu hadi chini, akaketi kama kwenye kiti. Akashika mti. Akasimama.

Chimène alibeba mtumbwi peke yake, akapumzika mara nne. Esperance alifuata na chupa tisa sandukuni, hatua kwa hatua, fimbo mkononi. Ziwani alipiga magoti, na ajabu, kwa magoti mgongo ulinyamaza. Upepo ulikuwa umeanza. Kuupeleka mtumbwi mbele si kazi; kazi ni kuusimamisha mahali pamoja upepo unavuma, wakati mtu anashusha chombo kwa kamba hadi kwenye kina. Maji ya chupa ya nne yaliharibika kwa sababu mtumbwi ulisogea.

“Rudia,” Esperance akasema, akachimba kasia upya.

Walirudia. Jua lilipofika utosini, chupa zote tisa zilikuwa zimejaa na kuandikwa. Chimène aliziweka sandukuni, kisha walipofika ukingoni akamkumbatia kwa nyuma, polepole, akiogopa kumuumiza.

“Kwanza turudi,” Esperance akasema, akiishika mikono iliyomkumbatia.

Kurudi kuliwachukua siku tatu badala ya mbili. Chupa zilifika maabara salama, na masika yaliyofuata Chimène alimaliza shahada yake. Esperance alitembea ameinama wiki mbili nzima. Msimamizi wa ghala alimuuliza aliumia wapi, naye akamweleza bila kuficha kitu, akaomba apewe kazi ya kukaa hadi mwisho wa mwezi. Akapewa.