Nadhiri Haipandi Pikapu

Mimi ndiye niliyeleta wazo la kwenda hija kwa baiskeli, tena nililileta wakati wote wananicheka. Nilisimama mbele ya kamati ya parokia nikasema, jamani, njia ya mahujaji ipo, baiskeli tunazo, kwa nini kila mwaka twende kwa basi tukisinzia mpaka mlango wa kanisa la wafiadini? Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti, alicheka mpaka akapaliwa. Leo wazo ni lake. Ukimsikia anavyolisimulia, utadhani alitokewa na malaika.

Sikujali. Nilikuwa na nadhiri yangu. Binti yangu alipolazwa akipumua kwa mashine, nilipiga magoti kwenye korido ya hospitali, wauguzi wakinikwepa na vitoroli vyao, nikamwambia Mungu: mrudishie pumzi, nami nitaimaliza njia yote ya mahujaji juu ya baiskeli, kwa miguu yangu mwenyewe. Alirudishiwa. Sasa anafanya kazi duka la dawa na anabishana nami kutwa, mzima kabisa.

Basi nikajiandaa. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, niliendesha mpaka kiwanda cha matofali na kurudi, watoto wa shule wakinipigia makofi na watu wazima wakitikisa vichwa. Nilishona mikoba ya turubai ya kufunga kwenye keria, ya waendeshaji wote, ndipo wakaanza kuniita Mama Mikoba. Nilijua lami inaishia wapi na maji yanapatikana wapi. Mlima wa mwisho niliuogopa, lakini niliuogopa kama mtu anayekwenda kuupanda.

Jumamosi tulikutana ukumbini kumalizia mipango. Ramani ilikuwa mezani, imekandamizwa kwa vikombe vya chai. Tulikubaliana tutalala wapi, nani atabeba pampu na viraka, nani atangulie kwenye mteremko ili vijana wasishindane. Kisha shemeji akakohoa. Mtu huyu akikohoa kabla ya kusema, jua kuna jambo.

"Shemeji, wewe tumekuweka kwenye pikapu. Utakaa mbele na dereva, utusimamie sufuria."

"Sufuria gani? Mimi naendesha."

"Usiwe na wasiwasi, nadhiri yako haitapotea. Kijana mmoja wa kwaya ataibeba. Na mshumaa atakuwashia."

Hebu nieleze ujinga huu. Kwetu, asiyeweza kwenda hija hutuma nia: anampa msafiri mshumaa na kumwambia, niombee kazi, niombee mtoto. Ni jambo jema, hata mimi nimebebeshwa nia za watu. Lakini nadhiri ni neno ulilolitoa kwa kinywa chako, na anayedaiwa ni wewe. Kamati nzima, watu wa kusali asubuhi na jioni, walichukua neno langu kwa Mungu wakalifunga kwenye keria ya mtu mwingine kama gunia la mkaa! Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Kumbe inawezekana," nikasema. "Basi na kiapo chako cha ndoa tumpe kijana wa kwaya akusaidie kukitimiza."

Katibu aliinamia chai yake. Padre akatazama dari.

"Shemeji, mimi unanionea bure," mwenyekiti alisema, sauti imeshuka. "Kamuulize mwanao. Yeye ndiye aliyekuja kutuomba."

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilimkuta anapiga pasi koti lake jeupe la kazini. Baiskeli yangu haikuwa kibarazani.

"Iko wapi?"

"Stoo. Nimeifungia."

"Nimekuombea pumzi kwa Mungu, nawe unaitumia kwenda kunisemea kwenye kamati?"

Hakuinua macho. "Presha yako naipima mimi, mama. Naijua. Ukianguka kwenye ule mlima, watu watasema umekufa kwa ajili ya binti yako. Nitaishije na hilo?"

"Watu! Watu walikuwa wapi nilipopiga magoti pale korido?"

"Na mimi nilikuwa wapi?" Aliisimamisha pasi. "Nilikuwa na mipira puani. Hakuna aliyeniuliza. Kila asubuhi ukitoka na hiyo baiskeli, mimi kazini sishiki kitu kikakaa. Haya, nenda. Lakini usiseme unakwenda kwa ajili yangu."

Hasira haikuniisha. Iliniuma kwamba mtoto huyu ana haki ya kuogopa, na bado hana haki ya kunizuia, na sikujua nimgombeze kwa lipi.

"Siendi kwa ajili yako," nikamwambia. "Naenda kwa sababu nilisikilizwa. Nikikaa kwenye pikapu, nitakuwa nimemdanganya aliyenisikiliza."

Alilikunja koti, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mezani, mbali na mkono wangu.

Niliuchukua hivyo hivyo.