Mafuta ya Kondoo kwenye Pini

Siku ya tatu pini ilikuwa haijatikisika, na Nathanaeli alishaanza kuisemesha kama mtu.

"Toka, ndugu yangu. Kwani unakula nini humo?"

Wapi! Ilikuwa chuma kirefu kilichopita katikati ya mkono wa gurudumu la nyuma, kwenye kigari chekundu cha spoti kilichowazidi umri mafundi wote wa gereji ile ya Themi. Ya kushoto ilitoka kwa nyundo mbili tu. Hii ya kulia imeloweshwa dizeli, imebembelezwa, imetukanwa, imegoma. Na isipotoka, bushi mpya za mpira haziingii na gari halitembei.

Halafu hili si gari la kusubiri. Mwenyewe, Mama Pramila, mjane wa Mzee Jignesh wa duka la vitambaa, macho yanamwishia. Daktari ameyapa miezi miwili, labda mitatu. Ombi lake ni moja: apandishwe Olmotonyi, kule mteremkoni, katika kiti kilekile alichokalia kila Jumapili na marehemu, autazame mlima Meru angali anauona. Sasa alikuwa ameketi mlangoni mwa gereji, uso ameuelekeza mlimani, na ukungu ulikuwa unashuka taratibu.

Nathanaeli akawasha gesi. Mwali wa bluu ukaramba chuma, chuma kikaiva, na ndipo harufu ikaja.

Mafuta ya kondoo.

Jamani! Gereji ikayeyuka. Akawa kwao, jikoni kwa yeyoo, mama yake, moshi unapenya kwenye migomba, mama anakoroga sufuria: "Haya hulainisha kila kitu, mwanangu, hata moyo wa tajiri." Ukungu ulikuwa unaingia jikoni, au ulikuwa unaingia gereji, hata hakujua. Alikuwa na miaka kumi na tisa tena, kopo la mama mfukoni, grisi imeisha, Mzee Jignesh anasubiri gari lake, na upande wa kulia bado. Akapaka ya kondoo. Nani angejua?

Kumbe yeye ndiye aliyeifunga pini hii! Mafuta yalichacha, yakala chuma, kutu ikashika. Na nyumbani kwa Mzee Jignesh, kwa dini yao, nyama haijawahi kuvuka kizingiti. Miaka thelathini watu wa Mungu wamepanda mlima juu ya kondoo wake.

Akapiga nyundo kwa hasira na aibu. Pini ikalia, ikasogea. Akapiga tena, na tena, ikadondoka sakafuni. Badala ya kushangilia, alikwenda kuchuchumaa mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si uliniamkia asubuhi?"

"Nakuamkia upya. Nina kosa."

Akalisema lote, kopo, mama yake, kondoo, macho chini. Mama Pramila akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe! Mzee alijua mwaka uleule. Tukifika kona za mwisho breki zimepata moto, harufu hiyo! Anasema, 'Pramila, Nathanaeli amechinja tena, tumefika Olmotonyi.' Nikamwambia gari alipeleke likasafishwe. Akagoma. Kula tumejikataza, akasema, kunusa hajakataza mtu."

Nathanaeli alitaka kucheka, machozi yakamwahi. Alimpenda yule mzee, na hakuwahi kumwambia.

"Safari hii naweka grisi safi, mama. Hainuki tena."

"Ukiweka yale ya kondoo, pini itaganda?"

"Itaganda."

"Basi weka grisi." Akautafuta mlima ndani ya ukungu. "Ila mwanangu, mwakani nikiwa sioni, nitajuaje kama tumefika?"

Jumamosi Nathanaeli alipaka pini mpya grisi, akaiingiza, akakaza nati zote na kuzikagua mara mbili. Kisha akatoa kopo la mafuta ya kondoo alilolifuata kwao jana yake, akachota kwa kidole, akapaka kidogo tu nje ya ule mkono wa gurudumu, pale joto la breki linapofika.