Mkasi wa Oktoba

Duane Pelkey alijiona fundi wa bustani, na hakuna aliyemwomba awe fundi. Kwa miaka mitatu sasa, kila Oktoba, kabla theluji haijaanza, alibeba mkasi wake mkubwa hadi kwa shemeji yake Verna, mjane wa kaka yake Orrin, akakikata kichaka cha maua ya lilaki pale mlangoni mpaka kikanyooka juu kama meza. Verna humwokea pai ya tufaha, naye huila yote bila haya.

Basi kichaka kikagoma. Majani tele, ua hata moja hakuna, mwaka wa kwanza, wa pili, na huu wa tatu. Orrin ndiye aliyekipanda, na kila mwisho wa Mei, siku ya kupamba makaburi, Verna alikuwa akimpelekea maua yale ya zambarau. Sasa alipeleka ya dukani, yasiyonukia kitu. Duane mjuaji akalaumu udongo, akaagiza kichaka kimwagiwe majivu ya jiko. Mama wa watu, na nyonga yake mbovu, akawa anabeba ndoo baada ya ndoo.

Aprili hii Duane alikwenda kununua mbolea. Mama muuzaji akamuuliza huwa anakata lini. Oktoba, akajibu kwa maringo. Mama yule akacheka hadi akakaa. Lilaki ikishachanua tu, alisema, kiangazi hichohicho huanza kuweka macho ya maua ya mwakani. Ukikata Oktoba umeyamaliza yote. Duane alitoka masikio yakiwaka moto, na mbolea akaisahau.

Je, alikwenda kumwambia Verna? Thubutu! Alipita kwake mara nne akazungumzia mvua. Mzee wa miaka sabini na moja, neno moja limemshinda.

Siku ya makaburi ilipofika, alimpeleka kwa gari lake. Verna akapiga magoti, akaweka maua ya dukani, akaanza kusema na jiwe.

"Orrin, najua umenikasirikia kwa kuwauza ng'ombe wako. Ndiyo maana umeninyima maua. Nisamehe basi, baba. Miaka mitatu inatosha."

Duane aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze.

"Shemeji, si Orrin. Ni mimi. Nikikata Oktoba nakata na maua."

Verna alimgeukia. "Hukujua."

"Sikujua."

"Umejua lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Aprili," akasema.

"Jumanne nilibeba ndoo mbili za majivu, Duane. Wewe umekaa barazani unaniangalia."

Duane alimnyooshea mkono amwinue, Verna akaukataa, akashika jiwe na kuinuka mwenyewe.

"Mwambie nduguyo," alisema, akaenda zake garini.

Duane akavua kofia. "Kaka," aliita, na neno la pili halikumjia.