Jicho la Rubani

Mtaani walimwita Rubani, ingawa ndege alizijua kwa kuzitazama zikipita juu kama mimi na wewe. Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa, imejaa sponji na vitambaa, na misumari midogo alikuwa akiibana kwa midomo anapogongea kitambaa kwenye mbao. Wateja walidhani misumari ndiyo iliyomfanya asiwe msemaji. Mkewe alijua kwamba misumari inasingiziwa. Hata mdomo ukiwa mtupu, mume wake alikuwa mtu wa neno moja, na neno lenyewe ni "tutaona". Umwambie bati linavuja, tutaona. Umwambie binti yao amepata mchumba, tutaona, na kabla hujavuta pumzi ya pili ameshakumbuka kochi la mtu linalomsubiri karakana.

Aliongea Jumapili tu. Jumapili mkewe hakuwa na zamu bekari, na asubuhi hiyo waliongozana hadi uwanja wa wazi nyuma ya maghala, Rubani na begi lake mgongoni, mke na kofia yake ya jua. Huko walikutana na wenzao wa kurusha droni: kinyozi, mwalimu wa hesabu, muuza viatu, kila mmoja na mtu wake. Hawakuwa wakipiga picha za harusi wala kutafuta riziki. Walirusha kwa sababu kurusha kunafurahisha, basi.

Anayerusha huvaa miwani mikubwa inayoziba nusu ya uso. Akishaivaa, haoni tena majani wala miguu yake, anaona kile tu ambacho droni inakiona huko juu. Kwa hiyo wale watu walijiwekea sheria yao: harushi mtu bila jicho. Jicho ni mtu anayesimama nyuma ya mrushaji, mkono begani kwake, akitazama anga kwa macho aliyopewa na Mungu na kumwambia mwenzake yasiyoonekana kwenye miwani. Waya kulia kwako. Mwewe anakuja. Kinyozi anapita juu yako, na kama kawaida yake hatazami anakokwenda.

Jicho la Rubani lilikuwa mkewe. Na kati ya waya na mwewe huwa kuna nafasi, na katika nafasi hiyo ndiyo ndoa yao ilikuwa ikizungumza. Mtu mwenye droni hewani hawezi kukumbuka kochi la mteja. Hawezi kuondoka, hata kugeuka hawezi. Mke alikitazama kisogo cha mumewe akasema lililomkaa moyoni, naye, kwa kuwa hakuwa akimwona mtu, alijibu kwa sentensi nzima nzima. Ni hapo walipoelewana kuhusu mchumba wa binti yao. Ni hapo Rubani aliposema kwamba anamkumbuka marehemu mama yake kila anaponyoosha shati kwa pasi, na machozi yakamjaa kwenye miwani mpaka droni ikataka kuingia mtini. "Inua," mke alimwambia. Akainua, wakaendelea.

Sasa mambo yakaanza kwenda mbio. Mwenye bekari, mama mmoja anayetembea kwa haraka kuliko umbo lake linavyoruhusu, alimwita mke wa Rubani kando ya tanuri na kumwambia kwamba anafungua bekari nyingine katika mji wa mbali, safari ya basi kutwa nzima. Hakuwa na mtu wa kumwamini huko ila yeye. Alimtaka aende mwaka mzima, aliwashe tanuri la kwanza, awafundishe wafanyakazi, awe mkuu. Jibu alilitaka kabla ya mwezi kwisha.

Mke wa Rubani alitaka kwenda. Alitaka kiasi cha kujishangaa mwenyewe. Alikuwa amekanda unga wa watu tangu ujana wake, akiwa wa pili wa kila mkuu aliyekuja na kuondoka, na hakujua kwamba jambo hilo lilimuuma mpaka alipoulizwa. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mume. Hakuhangaika. Jumapili ilikuwa inakuja, angelisema uwanjani, kama walivyosema yote.

Jumapili hiyo walimkuta dada mmoja wa kampuni, amevaa fulana ya kung'aa, anawasubiri. Alikuwa na adabu, hilo lazima lisemwe. Aliwaeleza kwamba kampuni yake imeanza kupeleka vifurushi kwa droni, na kwamba anga la juu ya uwanja huu sasa ni barabara. Hakuna aliyekatazwa kurusha. Warushe tu chini ya kimo cha nguzo za taa, na kifurushi kikipita, wakipishe. Kinyozi akauliza kama vifurushi navyo vitawapisha wao. Dada akatabasamu, akasema vifurushi havijafundishwa hivyo. Mwalimu wa hesabu akanong'ona, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na safari hii hakuna aliyecheka.

Wala mtaa haukuichukia kampuni. Jirani yao mmoja alikuwa ameagiza vitunguu, vikateremka uani kwake kwa kamba, watu wakatoka nje kushuhudia. Vitunguu vimepanda ndege kabla yetu, walisema, na siku ya pili nusu yao wakaagiza vyao. Mke wa Rubani mwenyewe alishaagiza balbu. Ila balbu ni balbu, na Jumapili ni Jumapili.

Alimwekea mumewe mkono begani, droni ikapaa, chini chini kama kuku.

"Kuna jambo nataka kukuambia," alisema.

"Sema."

"Bekari wanafungua... Shuka, mzigo mbele yako."

Rubani akashuka. Kikapita kifurushi, na nyuma yake kingine, na kingine kikitokea upande wa maghala. Akaanza tena, akakatizwa tena. Anga lililokuwa na nafasi ya kutosha ndoa nzima sasa halikuwa na nafasi ya sentensi moja. Mpaka wanafunga begi, mke alikuwa amekauka koo kwa kusema shuka, subiri, kushoto, shuka, na jambo lake lilikuwa bado kifuani vilevile. Njiani mumewe akamuuliza, "Ulikuwa unataka kusema kitu?" Alimtazama usoni, na maneno yote yakamtoroka. Hakuwa na mazoea ya kumwambia jambo zito mtu mwenye macho.

"Tutaona," akajibu, na akajishangaa kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Katikati ya wiki Rubani alirudi nyumbani na kisanduku kisichozidi cha kiberiti. Alikiweka mezani na kukieleza kwa maneno mengi kuliko aliyoyatumia mwezi mzima. Kinabandikwa kwenye droni. Kinasikia vifurushi vikiwa bado mbali, na kikivisikia kinaiteremsha droni chenyewe na kuizuia chini mpaka njia iwe wazi. Mwenye hiki, kampuni imesema, hahitaji tena jicho.

"Umesimama juani miaka yote kwa ajili yangu," alisema, akiutazama mkono wake mwenyewe. "Jumapili hii lala. Pumzika."

Mkewe alishukuru, angefanya nini? Kisha akaenda jikoni akaosha sahani zilizokuwa safi. Aliumia. Alijiona kama mtu aliyeachishwa kazi kwa barua nzuri yenye pole na pongezi. Kampuni ya vifurushi haikumfukuza uwanjani, mumewe ndiye aliyemfukuza, tena kwa uso wa mtu anayetoa zawadi.

Jumapili ile alilala, au tuseme alikaa kitandani akiitazama dari. Mume alirudi mchana. Ilikuwaje? Nzuri. Na wenzako? Muuza viatu hakuja. Kinyozi ameuza droni yake, anasema kurusha chini ya nguzo ya taa ni kama kuogelea kwenye beseni. Mazungumzo yakaishia hapo, wakala.

Mwenye bekari akamkumbusha. Jumatatu, alisema, ndiyo au hapana, maana mafundi wa tanuri wanasubiri. Kwa hiyo Jumamosi jioni mke akajikaza. Akamwekea mumewe chai, akakaa mbele yake, akasema, "Kuhusu bekari." Rubani aliinua kikombe, akakishusha bila kunywa.

"Tutaona," alisema, na tayari alikuwa amesimama. Kuna kochi karakana.

Basi hapo mkewe akakasirika, hasira ya mtu mpole, ambayo haina kelele lakini haina breki. Akajiambia kwamba kesho atasema, mizigo ipite isipite, kisanduku kipende kisipende.

Alimwacha atangulie, akaondoka baadaye, jua likiwa limeshapanda. Uwanjani hakukuwa na mtu mwingine. Mumewe alikuwa amesimama peke yake katikati ya majani, miwani usoni, rimoti mkononi, na nyuma yake nafasi ya mtu mmoja haina mtu. Alikuwa ameiacha hivyohivyo, hakusogea kuijaza. Mkewe aliiona nafasi hiyo akiwa bado mbali, na hasira ikamwishia nusu njiani, jambo ambalo lilimkera kwa sababu alikuwa akiihitaji.

Kabla hajafika, kisanduku kikalia pii, na droni ikateremka yenyewe ikakaa majanini. Ilikuwa inakaribia saa ya chakula cha mchana na mji mzima, inaonekana, ulikuwa umeona uvivu wa kupika. Vifurushi vilipita juu mfululizo. Alisimama mahali pake, akaweka mkono begani.

Rubani hakushtuka. "Umekuja," alisema.

"Mwenye bekari anafungua duka mji mwingine. Anataka niende kulisimamia, mwaka mzima. Na mimi nataka kwenda."

Aliyasema yote kwa mkupuo mmoja, asije akapita mwewe.

"Najua," alisema mumewe.

"Unajua nini?"

"Aliniletea viti vya hilo duka nivishone. Akanipongeza kwa ajili yako. Nilikuwa na misumari mdomoni, nikaitikia kwa kichwa."

"Lini?"

"Kabla ya yule dada wa kampuni kuja."

Mke alihesabu nyuma, Jumapili moja hadi nyingine, na kila moja ikageuka sura. Akamuuliza kwa nini hakusema. Mabega ya Rubani yakapanda na kushuka chini ya mkono wake. Alisema alikuwa akisubiri aambiwe, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Lakini siku ile alipoanza kuambiwa aliogopa, na kila kifurushi kilichomkatiza mkewe alikishukuru kimoyomoyo.

"Na kisanduku?" aliuliza mkewe. "Ulinifukuza kwa kisanduku."

"Nilikuwa najifunza," alisema. "Ukienda, nani atasimama hapo? Nikaona nianze kuzoea wewe ukiwa bado upo karibu."

 Mke alikuwa amelala kitandani akiitazama dari akidhani ameachwa, kumbe mwenzake alikuwa huku juani akifanya mazoezi ya kuachwa.

"Umezoea?"

"Kinaona kila kitu," alisema Rubani. "Hakijakosea hata mara moja."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma hukumu. Juu yao vifurushi viliendelea kupita, na droni ilibaki chini, kitaa chake chekundu kikiwaka. Haikuruhusiwa kupaa. Ilimpambazukia mkewe kwamba mumewe amesimama na miwani usoni bila kuruka popote.

"Sasa hivi unaona nini?" alimuuliza.

"Majani. Na sisimizi."

"Basi vua."

Hakuvua mara moja. Alishika mkanda wa miwani, akauachia, akaushika tena. Mkewe aliuondoa mkono begani, akazunguka mpaka akawa mbele yake, jambo ambalo jicho halifanyi kamwe, na akasubiri. Mwisho Rubani akaivua. Alama ya miwani ilikuwa imemkaa usoni, na macho yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakuwa akitazama sisimizi tu.

"Sitaki uende," alisema.

Mkewe alilisubiri lile neno la pili, lile la kila siku, na mumewe hakulisema.

"Sitaki," alirudia, akimtazama. "Lakini ukibaki kwa ajili yangu, utakuwa unakiambia kisogo changu mambo yako mpaka tuzeeke. Nenda kawashe hilo tanuri."

"Na wewe utaongea na nani? Simu yenyewe unapokea kwa kukohoa."

"Nitaongea."

"Utaongea nini?"

"Sijui," alisema Rubani. "Nitakuambia nimeshona nini. Nitakuuliza kama mkate umeumuka."

Mkewe alicheka, kisha akalia, na hakuficha lolote kati ya hayo mawili, maana hakuwa na mahali pa kujificha. Kisanduku kikanyamaza. Kitaa kikawa cha kijani, kuonyesha kwamba sasa njia ni wazi na anayetaka kuruka aruke. Rubani aliinama akaizima droni. Akakaa majanini, akaiweka miwani kando, akamwomba amweleze habari za hiyo bekari tangu mwanzo, asiruke kitu.

Mke alikaa akielekeana naye. Alifungua mdomo, akaufunga, akatazama maghala. Wakati wote alikuwa akiamini kwamba mwenye shida ya kusema ni mwenzake. Kisha akaanza kusema huku akitazamwa, na ilimwia vigumu.